Magazini ya chuma ao ya plastiki: kwa nini majeshi makubwa hayakubaliani

Bunduki inaweza kuwa mpya na askari akawa hodari, lakini magazini ikiharibika, risasi haiingii. Kisanduku hicho kinachobeba risasi, ambacho wengi mashariki mwa Congo wanakiita chargeur, kimesumbua majeshi ya Marekani na Uingereza kwa miaka mingi. Swali ni moja: kitengenezwe kwa chuma, kwa alumini ao kwa plastiki ngumu inayoitwa polima?

Nchini Marekani, bunduki ya M16 ilitumia magazini ya alumini tangu vita vya Vietnam. Ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Shida yake iko juu, kwenye midomo miwili inayoshika risasi. Magazini ikianguka ao ikikanyagwa, midomo hiyo inaweza kupinda kidogo sana, bila askari kutambua, na bunduki inaanza kukwama. Polima ina tabia nyingine: ikipigwa, inajikunja kisha inarudi. Ikishindwa inapasuka, na kila mtu anaona kwamba ni ya kutupa.

Hata hivyo, plastiki haikupokelewa mara moja. Mwaka wa 2012, kikosi cha Marines cha Marekani kiliwakataza askari wake kutumia magazini za polima. Wengi walikuwa wakijinunulia zile za kampuni ya Magpul, lakini zilizokuwepo wakati huo hazikuingia vizuri katika bunduki mpya ya M27. Katikati ya mapigano, hilo si jambo dogo: mwenye M27 akiishiwa na risasi, mwenzake mwenye M4 hawezi kumsaidia na magazini yake.

Jambo la pili lilikuwa risasi yenyewe. M855A1, iliyoanza kutumiwa mwaka wa 2010, ina ncha ya chuma kigumu. Ikitoka katika magazini za zamani, ncha hiyo ilikuwa inakwaruza njia ya kuingilia risasi. Jeshi la nchi kavu lilijibu kwa kuunda magazini nyingine ya alumini inayoinua ncha ya risasi zaidi. Marines walichagua njia yao: mwezi wa Desemba 2016, waliruhusu PMAG ya kizazi cha tatu, ambayo ni ya polima na inaingia katika M4, M16 na M27. Nchi moja, risasi moja, majibu mawili.

Uzito nao una neno lake. Uingereza ilitumia magazini za chuma katika bunduki ya SA80, kila moja ikiwa na karibu gramu 250 bila risasi. Ile ya polima iliyochukua nafasi yake ina karibu gramu 130. Askari mwenye magazini 12 anapunguziwa zaidi ya kilo moja. Kwa Wamarekani faida hiyo haipo, kwa sababu alumini yao tayari ilikuwa nyepesi. Wasovieti nao walitafuta njia ya katikati: walitengenezea AKM magazini za plastiki ya rangi nyekundu-kahawia, zikiimarishwa kwa chuma mahali panapochakaa haraka.

Mifano hii inaonyesha kwamba hakuna jeshi lililochagua kwa kuangalia plastiki ao chuma peke yake. Kila moja lilijaribu magazini pamoja na bunduki yake na risasi yake. Tena, hata magazini bora ina springi inayochoka, na isipobadilishwa, askari ndiye anayelipa.

Mashariki mwa Congo, ambako bunduki za aina ya AK zimezoeleka, magazini ya chuma ndiyo inayojulikana sana. Ni nzito, lakini ikikingwa na kutu inaishi miaka mingi kuliko aliyeibeba. Kwa askari, hiyo ni faida. Kwa kijiji ni hasara, kwa sababu silaha iliyofichwa baada ya vita moja inaweza kutumika katika vita inayofuata.

Mkataba wa Kinshasa wa mwaka wa 2010 juu ya silaha ndogo katika Afrika ya Kati hautaji bunduki na risasi tu. Unataja pia vipande vinavyotumiwa kuzitengeneza na kuzirekebisha. Wakati silaha zinapokusanywa, kuhesabu bunduki peke yake hakutoshi: magazini zinazobaki mikononi mwa watu zinangojea bunduki nyingine.