Leza za angani: Malindi nayo iulizwe

Siku ya jua, ukiwa juu ya KICC katikati ya Nairobi, unaviona vilima vya Ngong upande wa kusini-magharibi. Ukungu wa Julai ukitanda Karen na Kangemi, vilima hupotea. Kizuizi hichohicho ndicho kinachosumbua mawasiliano ya leza, na sisi Wapwani jambo hili latuhusu.

Leza si ngeni kwetu. Mwaka 2020 mradi wa Taara wa kampuni ya Alphabet ulitangaza kuleta Kenya intaneti ya leza, mnara kwa mnara, masafa yasiyozidi kilomita 20. Angani masafa ni mengine. Desemba 2023, chombo cha NASA kiitwacho Psyche kilituma video ya paka kutoka kilomita milioni 31, kwa megabiti 267 kwa sekunde. Aprili 2024, kikiwa kilomita milioni 226, kasi ya juu ilikuwa megabiti 25.

Sababu ni maumbile ya nuru. Nuru huja kwa chembe, yaani fotoni. Umbali ukizidi mara mbili, inayofika ni robo tu. Mwisho mitambo huhesabu fotoni moja moja, nazo hufika kwa kubahatisha. Bahati hiyo hakuna fundi awezaye kuiondoa, hata awe na pesa kiasi gani.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa chahitajika kibaba kikubwa. Darubini ya Palomar, California, iliyopokea leza ya Psyche ina kioo cha mita 5. Wingu likipita, haipokei kitu. Kwa hivyo dunia itahitaji vituo vingi, katika nchi tofauti.

Kenya iko kwenye ikweta, ambako sayari hupita juu sana angani. Na Ngomeni, Malindi, ndiko satelaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970.

Sidai darubini ijengwe Malindi kesho. Mvuke wa bahari na mawingu yetu huenda vikaipa Turkana nafasi bora. Lakini hilo lipimwe, na matokeo tuonyeshwe. Mambo ya anga huamuliwa Nairobi. Wabunge wetu walio huko waiulize serikali maswali mawili: nani anapima anga ya Kenya, na vijana wangapi wa Kilifi wanasomeshwa uhandisi wa vituo hivi?