Matapishi ya Kijani Si Chango, Wacheni Kudanganyana

Leo sichekeshi mtu.

Mwana wa siku nne akitapika kijani, kijani hasa, rangi ya majani mabichi, hiyo si chango, si jicho la mtu, wala si gesi. Ni nyongo. Maziwa kumrudia mtoto ni kawaida, nyongo si kawaida, maana huenda utumbo umefunga. Mpaka daktari aseme vingine, hesabu ni upasuaji.

Najua mtaniambia: wewe chuo umekiacha mwaka wa pili, udaktari umeusomea wapi? Sijausomea. Lakini kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya mwenyewe. Mwana wa binamu yangu kisiwani Pate alipoanza kutapika, mimi ndiye niliyetuma sauti kwa simu: "Mpeni dawa ya gesi, atatulia." Usiku mzima ukapotea. Alfajiri maji yamekupwa, boti haitoki. Alipona, alhamdulillahi, lakini alikatwa kipande cha utumbo. Mpaka leo nikilala nakifikiria kile kipande.

Iko hivi. Tumboni mwa mama, utumbo wa mtoto hujizungusha kama robo tatu ya duara, kisha hujishikiza mahali pake. Ukikwama njiani, unabaki kuning'inia kwenye shina jembamba, na siku yoyote unaweza kujisokota kama kamba ya jahazi. Mishipa ya damu imo kwenye shina hilo hilo. Ikibanwa, utumbo unaweza kufa kwa saa chache. Na huyu mtoto alizaliwa mzima jamani, ananyonya, pengine hata choo anapata! Ukingoja tumbo livimbe au atoe damu, umechelewa.

Upasuaji wake William Ladd wa Boston aliueleza 1936: unasokotoa utumbo, unakata utando unaoubana, unaupanga upya. Babu zetu walikuwa watoto. Sisi bado tunaposti mitishamba ya kumnywesha mwana asiyetimiza wiki, tunahesabu likes.

Na nyinyi mnaokuja kuomba kura: kutoka Faza au Kizingitini ni boti mpaka Mokowe, halafu zaidi ya kilomita 300 za barabara hadi Mombasa. Fulana zenu tunazo za kutosha. Tunataka boti ya wagonjwa yenye nahodha na mafuta saa nane za usiku.

Mpaka ije, ukiona kijani usinitumie mimi ujumbe. Ichukue ile nguo aliyoitapikia, daktari aione rangi kwa macho yake, kisha nenda kamgongee nahodha mlango. Akinuna, anune.