Gimba Lizungukalo na Kumbukumbu ya Kompyuta

Mwanafunzi aliyekulia Ngombezi, nje kidogo ya mji wa Korogwe, hahitaji picha ya kitabuni ili ajue mzunguko ni nini. Korona, ile mashine ipondayo majani ya mkonge na kuacha singa, ina gurudumu zito lenye visu butu, lizungukalo kwa kasi juu ya mhimili uliofungwa kwenye beringi. Hali ya gurudumu hilo huelezwa kwa namba mbili tu: pembe lilipofika na kasi ya mzunguko wake.

Mwanafunzi huyo akitunga programu ya kompyuta ya kuiga mwendo huo, mara nyingi huhifadhi pembe akaisahau kasi. Umeme hukatika, kesho yake kazi hufunguliwa, na gurudumu huonekana pale pale lilipoachwa, lakini limesimama. Lawama huangukia kompyuta, nayo imetenda kama ilivyoambiwa. Mtunzi aliihifadhi picha ya gurudumu akidhani ameihifadhi hali yake.

Kosa hilo ni jepesi kulitambua. Taabu yenyewe huanza pale gimba gumu lisipokuwa na mhimili wa kulishika, na hapa ndipo mafunzo ya darasani yanapopungua, kwa kuwa mifano mingi hubaki kwenye magurudumu yaliyofungwa. Mwalimu na achukue kitabu, akifunge kwa mpira kisifunguke, kisha akirushe juu huku akikizungusha. Kikizunguka kwa mhimili wa urefu wake, hutulia. Kikizunguka kama sahani, hutulia pia. Lakini kikizungushwa kwa mhimili wa upana wake, hupinduka kabla ya kudakwa, ijapokuwa uzito wake hauna nguvu ya kukipindua hivyo. Kasi yake ya mzunguko hubadilika mwelekeo kila nukta, hali momenta yake ya mzunguko imebaki ile ile.

Kitabu hicho hakihifadhiki kwa namba mbili. Zatakiwa 13: tatu za mahali, tatu za mwendo wa kwenda, tatu za kasi ya mzunguko, na nne za mwelekeo. Hizo nne huitwa kwatenioni, alizozivumbua William Rowan Hamilton mjini Dublin mwaka 1843. Wengi hupenda kutumia pembe tatu badala yake, kwani huonekana rahisi. Lakini pembe ya katikati ifikapo digrii 90, mihimili miwili hulaliana na programu hupoteza njia moja ya kuzunguka. Tena haitoshi kuandika kasi ya mzunguko bila kusema imepimwa kwa mihimili ya kitabu au ya chumba. Kosa hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, maana kitabu huendelea kuzunguka vizuri machoni, na hakuna ashukuye.

Hata tarakimu zikikatwa, madhara hutokea. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa nchini Marekani, alirudia hesabu yake kuanzia katikati kwa kuandika 0.506 badala ya 0.506127. Baada ya muda hali ya hewa ya kompyuta yake ikawa nyingine kabisa. Kitabu kilichorushwa kwa mhimili wa upana nacho hukuza tofauti ndogo vivyo hivyo, hata wakati wa kupinduka kwake ukabadilika.

Kuna wasemao kuwa shule zenye kompyuta chache zisisumbuliwe na mambo haya. Kinyume chake ndicho kweli: penye kompyuta moja na wanafunzi wengi, kila mmoja hulazimika kukatiza kazi yake ampishe mwenziwe. Basi programu iendeshwe sekunde 20 mfululizo. Kisha iendeshwe sekunde 10, ihifadhiwe, ifungwe, ifunguliwe, na kumalizia 10 zilizobaki kwa hatua zile zile za muda. Majibu yalingane hadi tarakimu ya mwisho. Yasipolingana, momenta ya mzunguko ipigiwe hesabu kabla ya kuhifadhi na mara baada ya kufungua. Ikiwa imebadilika, kuna namba iliyosahauliwa, au mihimili imechanganywa, au digrii zimesomwa kama radiani. Programu isiyofaulu jaribio hili isipewe alama, hata picha zake zikipendeza namna gani.