Mtoto akipotea, mama ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole

Dakika chache tu zilitosha. Nancy Eldredge aliwaacha watoto wake, Michael na Missy, wakicheza kwenye bembea nje ya nyumba, akaingia ndani kusoma gazeti. Alipotoka, watoto hawakuwapo. Kilichobaki ni glavu moja nyekundu.

Hivyo ndivyo inavyoanza riwaya ya Where Are the Children? ya Mmarekani Mary Higgins Clark, iliyotoka mwaka 1975. Ni hadithi ya kumnyima mzazi usingizi, lakini ndani yake kuna somo kubwa la malezi na afya ya akili.

Nancy ana historia nzito. Miaka kadhaa nyuma, watoto wawili wa ndoa yake ya kwanza walipotea California, wakakutwa wamekufa. Mahakama ilimtia hatiani kwa kuwaua, kisha akaachiwa kwa sababu ya kasoro za kisheria. Akahamia Cape Cod, Massachusetts, akaolewa tena na kuanza upya. Asubuhi ile ile watoto wanapotoweka, gazeti la eneo hilo linachapisha habari za kesi hiyo. Polisi wanapofika, wengi wameshatoa hukumu vichwani mwao.

Mwandishi anamweleza msomaji mapema kile ambacho majirani hawakijui: watoto wamechukuliwa na mtu mwingine na hawako mbali. Kwa hiyo kila saa inayotumika kumshuku mama ni saa waliyopoteza watoto.

Kinachomponza Nancy zaidi ni hali yake. Anapatikana ameloa na kuduwaa, hawezi kueleza kilichotokea, na watu wanauona ukimya huo kama ushahidi. Kitaalamu, mtu aliyepata mshtuko mkubwa anaweza kuganda, kusahau mambo au kushindwa hata kulia. Mwingine hupiga kelele, mwingine huongea kwa utulivu wa kushangaza. Uso wa mzazi si kipimo cha hatia wala cha upendo.

Jambo moja lisomwe kwa tahadhari. Katika riwaya, daktari anamchoma Nancy sindano ya dawa ili akumbuke yaliyopita. Kumbukumbu zinazopatikana kwa njia hiyo haziaminiki, kwani mtu anaweza kuchanganya yaliyotokea na anayoyawaza.

Clark aliyajua mazingira ya mama anayebeba mengi. Mume wake alifariki mwaka 1964 na kumwachia watoto watano. Alikuwa akiandika alfajiri kwenye meza ya jikoni kabla hajawaamsha kwenda shule. Wazo la riwaya alilipata kwenye kesi ya New York ya mwaka 1965, ambapo mama alishtakiwa baada ya watoto wake wawili kufa, na watu walijadili mwenendo wake binafsi kama vile nao ni ushahidi.

Polisi wana wajibu wa kuchunguza kila mtu, wazazi wakiwemo. Lakini uchunguzi huo haupaswi kusimamisha msako. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1990 inayokataza polisi kusubiri muda fulani upite kabla ya kupokea taarifa ya mtoto aliyepotea.

Kwa mzazi wa Tanzania au Kenya, hatua ni hiyo hiyo: kutoa taarifa polisi mara moja, kuwajulisha viongozi wa mtaa na kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto. Inasaidia kuwa na picha ya karibuni ya mtoto kwenye simu na kukumbuka nguo alizovaa siku hiyo.

Majirani nao wana kazi. Badala ya kumuuliza mama, "Wewe ulikuwa wapi?", waulize mtoto alionekana wapi mara ya mwisho, kisha waanze kutafuta. Na mmoja wao abaki na mama huyo, ampe maji, amshike mkono.