Uji wa Mtoto Usilete Ugomvi



Magomvi ya chakula nyumbani ni mengi. Mume anasema mboga haina chumvi, wifi anasema ugali haujaiva, mama mkwe anasema mke wa mwanawe hajui kupika. Mengi ya magomvi hayo huisha yenyewe. Lakini uko ugomvi mmoja ambao sisi tunaofanya kazi katika zahanati tunaona matokeo yake kila siku ya kupima watoto. Huo ni ugomvi juu ya uji wa mtoto.

Mambo huwa hivi. Mama hufundishwa kliniki kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Baada ya hapo aendelee kunyonya, na aanzishiwe uji mzito uliochanganywa na karanga zilizosagwa, maziwa au yai. Akifika nyumbani, bibi wa mtoto anakataa. Anasema uji mzito utamkaba mtoto, basi uongezwe maji. Baba akiulizwa, anajibu kwamba mambo ya jikoni ni ya wanawake. Lakini mayai na maziwa yakipatikana, yeye ndiye anayeamua yauzwe.

Si haki kumcheka bibi. Amelea watoto wengi, na ni kweli kwamba mtoto wa miezi 6 hawezi kumeza chakula kigumu. Lakini mama naye anasema kweli. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi ni maji mengi na unga kidogo. Mtoto hushiba, lakini uzito wake haupandi kwenye kadi. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania, katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa.

Iko njia ya kuwapatanisha wawili hawa, nayo bibi anaijua tangu zamani. Ni kimea, kile kinachotumika kutengeneza togwa na pombe. Fanya hivi:

1. Loweka ulezi safi usiku mmoja, umwage maji, kisha uufunike uote kwa siku 2 au 3. Ukiota ukungu, utupe.

2. Uanike mpaka ukauke kabisa. Usugue uondoe mizizi na machipukizi, kisha usage.

3. Pika uji mzito. Uepue, uache mpaka uwe vuguvugu, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea na ukoroge.

4. Baada ya dakika chache uji utalainika bila kuongezwa maji. Urudishe motoni uchemke tena, uache upoe, kisha mlishe mtoto.

Hapo mama amepata uji wenye unga mwingi, na bibi amepata uji laini. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 alishwe mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9 alishwe mara 3 au 4, katika bakuli lake mwenyewe.

Lakini kimea peke yake hakitoshi. Maoni yangu ni kwamba ugomvi huu unadumu kwa sababu baba amejitenga nao. Mama kijana hawezi kubishana na mama mkwe wake, adabu inamzuia. Anayeweza kuzungumza na bibi kwa heshima, akasikilizwa, ni mwanawe. Baba anaponyamaza, amekwisha amua kwamba mtoto aendelee kunywa maji ya uji. Kwa hiyo akina baba, nendeni kliniki pamoja na wake zenu, na mwaombe mama zenu wafuatane nanyi. Isomeni kadi ya mtoto wote watatu. Katika kila mayai mnayouza, bakizeni ya mtoto. Wahudumu nao wamkaribishe bibi kwenye somo, kwa kuwa mara nyingi jiko ni lake.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo, nyasi huumia. Watu wazima wanaweza kugombana juu ya chumvi mwaka mzima, na hakuna atakayedhurika. Mtoto hana mwaka wa kungoja. Miaka yake 2 ya kwanza ikipita bila chakula cha kutosha, ni vigumu sana kuirudisha. Patanеni leo, kabla uji haujapikwa.