Motokaa Ikilia, Isikilize

Juma hili nataka kuwaeleza kosa langu, lisije likawa lenu.

Parokia yetu hapa Babati ina Land Rover kuukuu. Kwa majuma mawili ilikuwa ikilia kila asubuhi inapowashwa, kama nguruwe aliyeshikwa mguu. Dereva aliniomba mimi karani fedha za mkanda wa feni. Nikamjibu, "Kelele haiui mtu. Ngoja mwisho wa mwezi."

Basi, usiku mmoja tuliitwa kijiji kilicho juu ya mlima wa Dareda, tukamchukue mama mwenye uchungu wa kuzaa. Katikati ya mlima ile kelele ikakoma. Nikafurahi. Papo hapo taa nyekundu ya betri ikawaka, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Hatukufika kona ya pili, mvuke ukafuka chini ya boneti. Mkanda ulikuwa umekatika.

Mwajua sababu? Katika motokaa ya namna hii mkanda mmoja huzungusha vitu vitatu: feni, pampu ya maji na mtambo wa kuchaji betri. Ukilegea huteleza juu ya puli, na huko kuteleza ndiko kunakolia. Ukikatika, feni husimama, maji hayazunguki, betri haipati chaji. Kumbe yale hayakuwa magonjwa mawili, ni moja.

Nikakimbilia kufungua mfuniko wa rejeta. Dereva akanishika mkono. "Karani, wataka kupoteza macho?" Mfuniko huo hubana mvuke, hata maji yaweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Ukiufungua kungali na moto, yatakurukia usoni. Wala usimimine maji baridi katika injini yenye moto mkali. Chuma chaweza kupasuka.

Na yule mama? Majirani walimteremsha kwa machela, gizani, wakatupita tumesimama. Mumewe alinitazama tu, hakusema neno. Mtoto alizaliwa mzima, Mungu ashukuriwe. Lakini macho ya baba yake sijayasahau.

Basi, wenye motokaa, shikeni haya. Kila juma, injini ikiwa imezimwa na kupoa, bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Ukibonyea zaidi ya sentimeta moja hivi, umelegea, ukazwe. Ukiwa na nyufa, ubadilishwe. Mkanda ukiwa mzima na kelele ipo bado, fundi atazame puli na beringi ya pampu. Maji ya rejeta yakipungua kila siku, usiongeze tu, tafuta yanapovuja. Taa ya betri ikiwaka na mshale ukipanda, simama, zima injini, ngoja ipoe.

Motokaa nyingi za siku hizi feni zao huendeshwa kwa umeme, na mikanda yao hukazwa kwa njia nyingine. Hizo muulize fundi.

Sasa chini ya kiti cha Land Rover yetu umo mkanda wa akiba. Nilikwenda kuununua asubuhi ile ile.

Kwaherini hata juma lijalo.