Rauta ya Ploti Ipunguze Kelele

Ni saa moja jioni Kayole. Umebeba unga na maziwa, umefungua app ulipe kwa Wi-Fi ya ploti, na kale kaduara kanazunguka tu. Foleni nyuma yako inanung'unika. Unabonyeza tena. Hapo ndipo watu hulipa mara mbili.

Wengi hulaumu app, na kuna siku kosa huwa letu. Lakini kuna kelele ambazo mteja hazioni. Rauta huongea zenyewe kwa zenyewe, zikiambiana njia za kufikia mitandao mingine. Mfumo wa zamani wa RIP hutuma orodha yake yote kila sekunde 30, hata kama hakuna kilichobadilika. OSPF ina nafuu: kwa kawaida husalimia kila sekunde 10, na habari za njia huzituma hasa zinapobadilika.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kwenye faiba, kweli. Kwenye Wi-Fi, ujumbe wa kutangaziwa wote mara nyingi hutumwa kwa kasi ya chini ili hata simu ya mbali iusikie. Wakati huo wengine wanangoja.

Msimamo wetu ni huu: upande wa wapangaji hakuna rauta ya kuambiwa njia, kwa hivyo fundi aunyamazishe. Ni mpangilio mmoja tu, na mtandao unaendelea kufikiwa kama kawaida. Kwa OSPF kuna faida nyingine kubwa: mtu hawezi kuchomeka kifaa chake hapo, kikajifanya rauta na kuvuta data ya ploti nzima ipitie kwake.

Hatudanganyi kwamba hii itaponya laini nyembamba inayogawiwa nyumba nyingi. Hiyo dawa yake ni laini kubwa. Lakini kunyamazisha hakuna gharama, na fundi akija Umoja au Dandora kuunganisha, muulize: "Hii rauta inatangaza njia upande wetu?"

Kwa sasa, kaduara kakizunguka, usibonyeze tena. Angalia SMS na salio kwanza. Ukihakikisha pesa haijatoka, zima Wi-Fi ulipe kwa bando au USSD, ambayo haihitaji intaneti. Foleni itanung'unika, lakini pesa ni yako.